Aliyekuwa Mlangoni

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Afande, naye aliitika. Alinyanyua furushi la shuka mbichi peke yake huku wanaume wakitafuta toroli. Mtu akilalamika kwamba amechoka, alimjibu bila kucheka: "Jikaze kisabuni, na sabuni yenyewe ile pale." Wenzake walijua alikuwa jeshini zamani. Hawakujua kwa nini alitoka, na hawakujua kwa nini haingii stoo ya mablanketi. Mablanketi yakihitajika, alimtuma mwingine. Wakadhani ana pumu.

Jeshini alikaa miaka minne, akitunza ghala la sare. Siku moja, mchana kweupe, Sajini wake alimfuata katikati ya marobota ya mablanketi akaufunga mlango wa chuma kwa ndani. Nje kulikuwa na askari wa zamu. Alipopiga kelele, aliona vivuli vya buti chini ya mlango vikisogea, vikasimama, kisha vikarudi mahali pake. Mambo mengi ya siku ile aliweza kuyasukuma mbali. Vivuli vile hakuviweza.

Alishtaki. Kamanda alimuuliza kwanza kama alikuwa amevaa sare kamili, kisha akamwita askari wa zamu. Kijana alisimama wima, macho ukutani.

"Ulisikia chochote?"

"Hapana, afande."

Wiki tatu baadaye alirudi nyumbani na karatasi iliyosema ameachishwa kwa utovu wa nidhamu.

Mama yake alikuwa mjane, na alishautangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni askari. Alivaa miwani, akaisoma ile karatasi mara mbili, akaiamini. "Huo mdomo wako ndio umekuponza," alisema. Binti alipojaribu kueleza, mama aliinua mkono. "Mwanangu, mambo mengine hayasemwi. Usinitajie tena." Hakumtajia tena. Waliishi nyumba moja miaka kumi na moja, wakaombana chumvi, wakauguzana homa, na neno hilo halikupita kati yao.

Kisha alikuja msimamizi mpya kazini, mtu asiye na simile, akamwamuru alete mablanketi ishirini yeye mwenyewe, sasa hivi. Alifika mpaka mlangoni. Walimkuta chini kwenye korido, mgongo ukutani, jasho linamtiririka, meno yanagongana. Watu walimzunguka wakipiga kelele aletewe maji. Aliyewatawanya alikuwa Sista, muuguzi mstaafu wa jeshi aliyekuja hospitali siku mbili kwa wiki kusaidia wagonjwa wa viungo. Sista alijishusha taratibu, magoti yakilia, akaketi sakafuni kando yake. Hakumuuliza anaumwa nini.

"Wanakuita Afande," alisema. "Ulitoka vibaya?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Alhamisi, saa nane mchana, chumba cha mazoezi ya viungo. Tupo saba. Huhitaji kusema kitu."

Alikwenda, na kweli hakusema kitu kwa miezi mitano. Walikaa kwenye viti vya plastiki kati ya vitanda vya mazoezi: wanawake sita pamoja naye, wanaume wawili, wote wamewahi kuvaa sare, wote waliumizwa na watu waliovaa sare ileile. Hakuna aliyetaja cheo. Anayesema hakatizwi, anayelia haambiwi anyamaze. Siku moja aliyekuwa mpishi wa kambi, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alisema kwamba mpaka leo analala na viatu miguuni. Afande akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kikubwa, akajiziba mdomo kwa aibu.

"Nini kinakuchekesha?" mpishi aliuliza.

"Na mimi pia. Nimeshachana shuka nne."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na kicheko kilipoisha akaendelea kusema. Alisema mpaka saa kumi.

Tangu hapo akawa mtu wa kikundi. Mwaka wa pili, alikuwa akipanga viti Sista alipoingia na mwanamume mwembamba, mvi zikimwanza mapema. Sista alimtambulisha kwa kazi yake tu: kinyozi. Afande alimtambua kabla hajakaa. Kinyozi hakumtambua yeye, alizoea kumwona na kofia na suruali ya kijani.

Kinyozi aliongea siku ileile, kama mtu anayeogopa kwamba akinyamaza hatarudi. Alisema alichagua kazi ya kunyoa kwa sababu kinyozi ndiye anayesimama nyuma ya watu, hakuna anayesimama nyuma yake. Akamtaja Sajini wa ghala. Akasema yaliyompata mle ndani, kwa maneno machache.

"Nilijua ananipeleka wapi," alisema. "Ule mlango niliujua. Kabla yangu kulikuwa na dada mmoja. Nilikuwa zamu. Nilimsikia, nikashika kitasa, nikakiachia. Nilipoulizwa, nikasema sikusikia."

Afande alisimama. Kiti chake kikaanguka nyuma.

"Ni mimi," alisema.

Kinyozi alimkodolea macho. Akaanza kuinama, kama anayetaka kupiga magoti.

"Usithubutu," Afande alimwambia, akatoka.

Alhamisi tatu hakwenda. Ya nne Sista alimfuata kazini, akasimama kati ya mashine zinazonguruma. Ilibidi apaaze sauti.

"Nikimtoa, yule kijana atajiua, ameshajaribu mara moja. Nisipomtoa, nakupoteza wewe. Sijui nifanye nini, mwanangu. Nimekuja kukwambia tu kwamba sijui."

Miaka yote Afande alimwombea askari yule wa mlangoni ayaonje yaliyompata yeye. Kumbe alishayaonja, mlemle ndani, kwa mikono ileile. Aliisubiri furaha ije, haikuja. Ilikuja hasira mpya ambayo hakujua aielekeze wapi.

Alhamisi iliyofuata alirudi. Alivuta kiti akakaa mbele ya kinyozi.

"Sikusamehi," alisema. "Usiniombe. Ila kuna mtu nataka umwambie ulichosikia."

"Kamanda?"

"Mama yangu."

Walikwenda Jumamosi mchana. Mama alikuwa sebuleni anashona foronya iliyofumuka, miwani imefungwa kwa uzi sikio moja. Kinyozi alikataa kiti. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akaeleza: zamu yake, ghala, Sajini, mlango, uongo wake mbele ya kamanda. Mama aliendelea kushona.

"Ulisikia nini hasa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Kinyozi alimtazama Afande. Afande hakumsaidia.

"Alikuwa anakuita wewe, mama. Alikuwa anasema, 'Mama, mama.'"

Sindano ikasimama.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nyingi."

"Toka," mama alisema. "Toka nyumbani kwangu."

Alitoka. Mama hakulia, wala hakumkumbatia binti yake. Alijaribu kuitia sindano uzi uliochomoka, akashindwa, akajaribu tena. Afande aliichukua mkononi mwake, akatia uzi, akamrudishia. Siku ya tatu mama alivaa gauni lake la kanisani siku isiyo ya ibada, akakaa kitandani kwa binti yake na mkoba magotini.

"Hao wanaopokea mashtaka wako wapi? Twende."

Walikwenda watatu. Mama alikaa katikati, hakumwangalia kinyozi hata mara moja. Karani aliandika maelezo yao kurasa sita, akawapa namba ya jalada. Jibu lilichukua miezi minne: Sajini alistaafu kwa heshima, alifariki mwaka uliopita, na kwa hiyo jalada limefungwa. Kuhusu ile karatasi ya kuachishwa, barua haikusema lolote. Mama aliisoma mara mbili, kama alivyosoma ile ya kwanza. "Wanasema uongo," alisema, akaenda kujifungia chumbani. Safari hii binti alimsikia akilia, na hakugonga.

Barua ile ilimwangusha kinyozi. Alifunga duka wiki nzima. Afande ndiye aliyempigia simu, kila asubuhi, sekunde chache tu: "Upo?" "Nipo." Halafu alikata. Hakupenda kuisikia sauti yake. Alipiga hata hivyo.

Mpaka leo hawajapeana mikono. Alhamisi wanakaa pande tofauti za chumba, naye Sista, ambaye miguu imemchoka, amemwachia Afande kazi ya kupokea wageni. Akirudi nyumbani mama humuuliza swali lilelile: "Kuna wapya?"

Wiki iliyopita walikuja wawili. Mmoja bado yuko kazini. Alikuja na sare yake kwenye mfuko wa plastiki, akaushikilia kifuani saa mbili nzima, na hakuna aliyemwambia auweke chini.