Kidole Nilichokifunga kwa Nailoni

Kosa langu lilikuwa kufunga kidonda kwa nailoni. Nilijichoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwa sindano ya kufumia, na badala ya kukiosha na kupumzika, nilikizungushia utepe wa mfuko ili damu isichafue kazi nyeupe. Naanza na hili kwa sababu ndilo gumu kulisema.

Naishi Tumati, Mbulu. Nyumbani tunalima na kufuga ng'ombe wachache. Kufuma nilijifunza mwenyewe kwa video za simu. Nilikuwa naokota mifuko ya mkate, ya sukari na ya maziwa, naiosha, naianika, naikata iwe nyembamba kama uzi, kisha nafuma vikapu na mazulia ya mlangoni. Sindano yangu ya kroshia niliitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Nikiona tundu moja limelegea, nilifumua mstari mzima. Nikijua kuna kosa mahali, hata chakula hakikushuka.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anaishi nasi. Sakafu yetu ni ya saruji na asubuhi za huku ni baridi sana. Aliniomba zulia dogo la kukanyaga anaposhuka kitandani. Nikafuma, nikafumua, nikafuma tena.

"Leta hivyo hivyo," aliniambia. "Miguu yangu haina macho."

"Bibi, limepinda pembeni."

"Na mimi nimepinda. Leta."

Sikumpa. Nilikuwa nalirudia kwa mara nyingine spoku ilipoteleza ikaingia kidoleni.

Nilipofungua ule utepe baadaye, ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, inanuka. Nikafunga upya. Kidole kikavimba, kikatoa usaha. Mama akiwa karibu nilificha mkono ndani ya koti. Nilijua akiuona ataninyang'anya kazi, na zulia lilikuwa limebakiza mistari michache. Kisha mstari mwekundu ukapanda mkononi, mtoki ukatokea kwapani, nikaanza kutetemeka juani. Nikaanguka zizini.

Mama akautoa mkono wangu ndani ya koti. Hakupiga kelele.

"Tangu lini?" aliuliza.

Tulipanda bodaboda hadi hospitali mjini Mbulu, mimi katikati, Mama nyuma amenikumbatia nisianguke.

"Ulifunga na nini?" daktari aliuliza.

"Na nailoni, daktari."

"Hiyo ni ya kufungia mkate, kijana."

Ncha ya kidole ilikuwa imekuwa nyeusi. Mama akauliza kama hakuna dawa.

"Ya kuokoa mkono ipo, mama. Ya kidole tumechelewa."

Walikikata kwenye kiungo cha kati. Homa ilinishika siku kadhaa, nikawa naongea peke yangu. Iliposhuka, nilimwona Mama amekaa kando ya kitanda, macho yamevimba.

"Bibi tumemzika," alisema. "Alilala, asubuhi hakuamka. Hatukuweza kukuambia ukiwa vile."

Jambo la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa, "Aliulizia zulia?"

"Alikuwa anakuulizia wewe."

Niligeukia ukutani. Kidonda cha mkono kilipona. Huko kwingine bado kunauma, na sitawadanganya kwamba kumeisha. Angeweza kulikanyaga lile zulia la kwanza, hata kwa wiki moja.

Namshukuru Mungu, na daktari, na manesi waliosafisha usaha bila kuziba pua. Namshukuru Mama aliyeninywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Wewe unayefanya kazi za mikono, ukijichoma, acha kazi, osha kwa maji safi na sabuni. Ukiona uvimbe, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usiwafiche watu wa nyumbani kwako.

Siku hizi utepe naushikilia kwa kidole cha kati. Kukiwa na baridi kigutu kinauma, na kazi yangu hailingani. Nikimaliza kitu, sikifumui. Nampa aliyeniomba.