Kamera Mbili za Ondiek

Kama uliishi Kitengela miaka ile ya nyuma, kuna ukuta mahali fulani uko na picha yako umekaza shingo kama mtu anangoja hukumu, na aliyekupiga hiyo picha ni Ondiek.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya soko, na mimi kinyozi changu kilikuwa chumba ya pili. Katikati ilikuwa mbao tu. Mteja wangu akipiga chafya, wake anasema pole. Watu walianzia kwangu wakanyolewa, wakamalizia kwake. Kwa hivyo kama kuna kichwa imekaa vibaya kwa ukuta ya mtu, tugawane lawama.

Yeye hakuja Kitengela kupiga picha. Alitoka kwao Nyando kuja kuvunja mawe hapa kwa machimbo, na vumbi ikamkaa kifuani mpaka daktari akamwambia achague moja, mawe ama pumzi. Akachagua pumzi. Akanunua kamera ya filamu ya mitumba, nzito kama jiwe lenyewe, na hiyo ndiyo ilimlea yeye na Namalwa na mtoto wao Whitney miaka yote ya tisini na zaidi.

Siku hizo picha ilikuwa kitu ya kungojea. Filamu inabeba picha thelathini na sita, na Ondiek hakuwa mtu wa kupanda gari mpaka Nairobi kuosha filamu nusu. Mtoto anapigwa picha akitambaa, unaletewa akikimbia. Ukienda kuuliza, anakuambia, "Filamu haijajaa, mama. Nitafutie watu."

Na kwa sababu filamu ni ya kuhurumia, hakuna kurudia. Ukitingishika, umejiharibia. Ndiyo maana alikuwa mkali kuliko mwalimu wa zamu. "Kidevu juu. Mikono hapo. Usicheke. Usipumue. Moja, mbili, tatu!" Mtu mzima na watoto wake anashika pumzi mpaka mishipa inasimama. Flashi ikiwaka ndio unasikia chumba yote inashusha pumzi, huuu, kama tairi. Mimi nilikuwa nasikia hiyo pumzi kupitia mbao, nacheka peke yangu na wembe mkononi.

Halafu dijitali ikaingia. Ilikuwa kama elfu mbili na sita hivi. Watu walikuwa wameonja kwa harusi za Nairobi, sasa wakipigwa tu wanakimbilia kamera. "Nionyeshe!" Mama mmoja aliigeuza ile kamera ya Ondiek, akatazama mgongo wake mweusi, akauliza, "Imezima?" Kufika Krismasi, studio ilikuwa na mwenye studio peke yake.

Sasa kulikuwa na Githongo, aliyekuwa anauza redio na simu hapo stendi, bidhaa ya kutoka Dubai. Alikuwa na kamera ndogo mbili kwa kabati ya kioo, zile zinaingia mfuko wa shati. Moja ya rangi ya fedha, nyingine nyeusi. Ondiek alienda kuziangalia mpaka Githongo akaanza kumwambia afute kioo akitoka.

"Baba Whitney, hapa hakuna maswali," Githongo alimwambia nikiwa hapo. "Hii ya fedha ni megapikseli saba. Hiyo nyeusi ni tano. Saba na tano, ata wewe uliacha shule wapi?"

"Megapikseli ni nini?"

"Ni... zile megapikseli. Za picha." Githongo akakohoa. "Zikiwa mingi ni mzuri."

Ile ya fedha ilikuwa na betri yake ya kuchaji na stima. Ile nyeusi inakula betri za kawaida, zile za tochi ndogo. Na ile ya fedha ilikuwa na tabia moja. Ukifinya, flashi inawaka mara mbili. Ya kwanza ni ya kutayarisha macho, ati yasitoke mekundu kama ya paka, halafu ya pili ndio inapiga picha yenyewe.

"Hiyo ya kwanza haiwezi kuzimwa?" Ondiek akauliza.

"Inaweza. Iko kwa kitabu."

"Kitabu iko wapi?"

"Ndio hii. Ni ya Kichina."

Wakakubaliana hivi. Ondiek aache kamera ya filamu kwa Githongo, iwe ya kubadilishana, aongeze na ile pesa Namalwa alikuwa ametoa kwa chama cha akiba cha akina mama. Achukue hizo mbili azijaribu wikendi, Jumatatu arudishe moja. Kurudi nyuma hakuna. Namalwa hakusema mengi. Alimwambia tu, "Ukichagua vibaya, Baba Whitney, usiniambie unarudi kwa mawe. Mimi sitakupeleka hospitali tena." Akaenda kuanika nguo. Ondiek alikaa pale na kamera moja kila goti, kama baba wa mapacha.

Kazi ya wikendi ilikuwa kule Kajiado, kwa mtu anaitwa Parsaoti. Alikuwa ameuza kipande ya shamba, akajenga nyumba ya mawe yenye mabati ya rangi, na alitaka picha kubwa ya mama yake ya kutundika sebuleni. Ondiek akaniomba nimsindikize nishike begi. Mimi nikafunga kinyozi. Vichwa hazikimbii.

Tulipata jamii yote imevaa, shuka nyekundu kila mahali. Mama mwenyewe, Nalangu, alikuwa amekalishwa kwa kiti ya sofa mpya ambayo ilikuwa bado na nailoni.

"Takwenya, koko!" Ondiek akamwamkia huyo nyanya na ile Kimaa yake ya sokoni.

"Iko!" Mama akajibu, akamwangalia urefu wote, akasema kitu, watu wakacheka.

"Anasema wewe ni mrefu, lakini hakuna mtu anakupikia," Parsaoti akatafsiri.

Tukaanza na picha ya wote. Ondiek akatoa ile ya fedha, ya megapikseli saba, akawapanga. Kidevu juu, usipumue, moja, mbili, tatu. Flashi ya kwanza ikawaka. Watu wakaona kazi imeisha. Wakashusha pumzi, mmoja akageuka kuita mbuzi, mwingine akainama kupangusa mtoto makamasi. Flashi ya pili ikawakuta huko. Tulipoangalia kwa ile skrini ndogo, ilikuwa migongo na makalio, kama boma imeingiliwa na nyuki.

"Sasa nani amekufa?" Parsaoti akauliza.

Ondiek akawaeleza wangoje ya pili. Wakangoja. Kumbe kungoja flashi ya pili ni kungoja na macho ya mtu anangoja kofi. Hiyo picha ilikuwa mbaya kushinda ya kwanza.

Akatoa ile nyeusi. Moja, mbili, tatu, pap. Wote wako mbele, wote wako na macho, hakuna aliyekimbia. Ondiek akaniangalia kama kusema, umeona? Nikaona. Kwa kazi ya harusi, kesi ilikuwa imekwisha.

Ikabaki picha ya mama.

Hapo ndipo mambo ikawa mambo. Nalangu alipoambiwa sasa ni yeye peke yake, akaanza kuvua shanga. Akavua za shingo, akavua za masikio, akaziweka kwa mapaja. Akafungua leso ya kichwa. Akanyoosha shingo akaangalia ukuta.

"Yieyo, vaa," Parsaoti akamwomba mama yake. "Hizo shanga ndio tunataka."

Mama akakataa. Alikuwa amepigwa picha mara moja tu maisha yake, siku ya kuandikisha kipande, yaani kitambulisho, kwa chifu, na karani akamwambia toa hii, toa hii, angalia mbele. Yeye anajua vile picha inapigwa. Hawa vijana watamfundisha nini?

"Yieyo, hakuna serikali hapa. Ni huyu Ondiek tu."

"Na huyu si ni mtu wa kalamu?"

"Hana hata kalamu!"

Hakusikia. Basi Ondiek akapiga na ile nyeusi hivyo hivyo. Ilitoka safi, hata kope unahesabu. Parsaoti aliiangalia, akaikodolea, akarudisha kamera polepole.

"Fundi, hii ni mzuri. Lakini huyu ni mama wa kipande. Huyu ako kwa sanduku tayari. Mimi nimejenga nyumba nitundike huyu?"

Ondiek akajaribu tena na ile nyeusi, akambembeleza mama, akamwambia cheka koko, na mama akaonyesha meno vile mbuzi anaonyeshwa mnunuzi. Ndipo akachukua ile ya fedha, nafikiri kwa kukosa la kufanya. Moja, mbili, tatu.

Flashi ya kwanza ikawaka. Mama akaona amemaliza kazi ya serikali. Bega zikashuka. Akamtazama Ondiek, akasema kitu kwa Kimaa, huku mikono inachukua shanga kutoka mapajani kuzirudisha shingoni, anaanza kucheka hata kabla neno halijaisha. Flashi ya pili ikawaka.

Mimi niliiona kwa ile skrini. Shanga ziko hewani nusu, vidole vimezishika, na huyo mama anacheka na uso yote, mpaka zile ndevu mbili za kidevu. Parsaoti aliishika kamera na mikono mbili.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye hutuamsha asubuhi."

Akaondoka hapo akaenda kusimama nje kidogo. Alisahau hata kutuambia mama alikuwa amesema nini.

Ondiek alitaka apige nyingine kama hiyo, ya akiba. Ile ya fedha ikapiga kelele kidogo, ikazima. Betri imekwisha, na stima kwa Parsaoti ilikuwa bado ni ahadi ya mheshimiwa. Ile nyeusi nayo ikamaliza betri zake dakika hiyo hiyo, lakini duka ilikuwa hapo barabarani na betri za tochi, tukanunua, tukaendelea na mbuzi na magari na watoto mpaka jioni.

Kurudi, tulikuwa tumefika Isinya. Ondiek akaniambia, "Baba Nduta, ile picha si mimi nimepiga."

"Nani alifinya?"

"Mimi nilifinya. Lakini imepigwa na ile makosa ya kamera." Akakaza begi mapajani. "Miaka yote hii nimekuwa nikiwangoja watu wakauke ndio nipige. Ile pumzi wakishusha, mimi nakuwa nimemaliza, nafunga kifuniko. Ni picha ngapi nimefungia kifuniko?"

Ningemwambia nini? Mimi nilikuwa nasikia tu ile pumzi kupitia mbao na kucheka.

Sasa shida yake ikawa mbili. Achukue ile ya fedha, aharibu kila harusi na migongo, apate mama mmoja kwa mwaka? Ama achukue ile nyeusi awe anapiga watu wa kipande mpaka azeeke? Jumapili hakula vizuri. Alieneza shida yake mezani kama mtu anacheza karata, mpaka Namalwa akavuta kiti.

"Hebu nionyeshe huyo mama." Akaangalia. Akaangalia sana. "Kwa hivyo hii kamera ilifanya nini?"

"Ilimdanganya kwamba imemaliza."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Baba Whitney, wewe huwezi kudanganya? Wewe mwenye ulinidanganya mimi nikatoka Webuye nikijua naenda kuishi Nairobi?"

Mimi nilikuwa hapo kwao nimeshika kikombe ya chai, karibu nimwage. Ondiek hakucheka. Aliinuka akaenda nje.

Jumatatu asubuhi, kadi yenye picha ya Nalangu ikiwa mfukoni, akaweka ile ya fedha kwa meza ya Githongo.

"Umeacha saba ukachukua tano?" Githongo akashika kiuno. "Wewe Ondiek ulisoma wapi hesabu?"

"Ile picha ya pili nitaipiga mwenyewe," Ondiek akamwambia. Githongo mpaka leo anafikiri jamaa alikuwa amechanganyikiwa.

Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa na ile nyeusi. Wa kwanza alikuwa Mama Wanjira, kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye hata pasta alikuwa akimwogopa. Akasimama karibu na maua, mkoba mbele, kidevu juu. Moja, mbili, tatu, pap.

"Asante mama, imetoka vizuri kabisa," Ondiek akasema, akashusha kamera mpaka tumboni.

Mama Wanjira akashusha pumzi. Akageukia kwangu. "Na wewe kinyozi, hicho kichwa chako mwenyewe hunyolewa na nani, mbuzi?" Akacheka utani wake mwenyewe, mkono mdomoni. Pap, kutoka tumboni.

Alipoonyeshwa, uso ukabadilika. "Futa hiyo! Mimi ni mtu wa kanisa. Mimi sicheki hivyo."

"Sawa mama."

"Futa nikiona."

Ondiek akashika kamera, kidole juu ya kitufe, lakini hakufinya. Nilijua anahesabu. Akikasirisha huyu mama, kwaya nzima imeenda, na kwaya ikienda, harusi zimeenda. Akasema kwa upole, "Nitafuta. Iangalie tu mara moja kwanza."

Mama Wanjira akaichukua kamera kwa hasira. Akaiweka kivulini, karibu na macho. Watu wakaanza kupanga mstari nyuma yake, mtu akaguna, hakugeuka.

"Hapa kwa mashavu," akasema, si kwa sauti ile ya kwaya. "Nimefanana na maitu. Mama yangu. Hatukuwahi kumpiga picha akiwa mzima."

Akarudisha kamera, akafunga mkoba, akanyoosha leso.

"Ile ya kukaza shingo nitolee kubwa, ya sebuleni. Hii nyingine uniletee kwa bahasha, na usionyeshe mtu." Akaenda hatua kidogo, akageuka. "Na wewe kinyozi pia, hujaona kitu."

"Sijaona, mama."

Ondiek akapangusa kioo na shati, akaita, "Mwingine!"