Kifurushi Nyuma ya Mlango

Asya alimwita Mize mwizi wa maiti, mbele ya wanawake waliokuja hitima ya mkwewe, na Mize hakuwa ameiba kitu. Hilo lisemwe kwanza, maana pale Wingwi watu wanapenda kusimulia lililofuata tu.

Mize alikuwa mwosha maiti, kama mama yake. Shule hakuingia, lakini mikono yake ilijua maji ya mwisho yatiwe kafuri kiasi gani, na mdomo wake ulijua kufunga. Alichokiona kwenye mwili wa mtu kilibaki chumbani. Nyuma ya mlango wake kilitundikwa kifurushi cha kanga kuukuu, ndani yake pamba, udi, kafuri na majani makavu ya mkunazi. Kila mwezi ukiandama aliyatoa majani ya zamani akatia mapya. Akiitwa hakuuliza aliyekufa ni nani, na chai aliyokwisha kuimimina aliiacha ipoe. "Mauti hayapigi hodi mara mbili," mama yake alikuwa akimwambia, "na wewe usingoje kupigiwa ya pili."

Bi Moza alipofariki, Mize alimvua kipini cha dhahabu puani, akampa Asya, mke wa mwana wa marehemu, aliyekuwa akimpokeza maji. Siku ya tatu kipini kikatafutwa, hakikuonekana. Asya akasimama na sinia la wali mkononi, akasema, "Waulizeni waliomwosha."

"Basi mie nikihisi nafa nitajivua herini mapema!" akadakia mmoja, na wanawake wakacheka mpaka wakasahau kama wapo matangani.

Tangu siku hiyo Mize hakuitwa tena. Miaka sita. Wakifa watu wa Wingwi, mwoshaji aliletwa kutoka vijiji vya mbali, akapita mbele ya mlango wake. Na bado mwezi ukiandama aliyabadilisha majani ya mkunazi. Kama asingefanya hivyo angekuwa nani?

Asubuhi moja Laila, binti wa Asya, alimkuta barazani anachambua karafuu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba."

"Mama katutoka alfajiri. Kausia aoshwe na wewe. Kasema asimguse mwengine."

Mize alikwisha kusimama. Miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyozoea, na mkono ulikuwa umeshaushika mlango. Ndipo moyo ukamrudisha kitako.

"Mama yako haogopi nitamwibia? Nasikia ana mkufu."

Laila aliinamisha kichwa. "Bi Mize, ufuo wa kumwagia maji ushachimbwa. Watu wanangoja, na wa kuletwa kutoka mbali hatawahi."

"Goti linaniuma. Mwambieni jirani yenu Masika."

"Bi Masika hajapata kuosha hata mbuzi!"

"Basi leo atajifunza."

Goti lilikuwa zima. Alikaa pale akichambua karafuu zilizokwisha kuchambuliwa, mpaka jeneza likapita na wanaume wakileta tahalili, na hakuinua macho. Ndani ya nyumba kifurushi kilikuwa mahala pake. Majani yalikuwa na siku nne tu.

Habari zilimfikia kabla ya alasiri, maana zilimfikia kila mtu. Masika aliyamwaga maji sakafuni, pamba haikutosha. Hayo Mungu anasamehe. Lakini Masika alipotoka chumbani alikaa jikoni na wenzake akasema aliyoyaona: kwamba titi la Asya lilikuwa limeliwa na donda hadi mbavuni, na mwaka mzima alikuwa akilifunga matambara bila kumwambia hata binti yake. Kufikia magharibi kifua cha Asya kilikuwa kinazungumzwa visimani na dukani.

Mize aliposikia alikwenda uani, akakaa juu ya kinu, akashindwa kulia. Sasa alijua kwa nini Asya alimtaka yeye.

Baada ya hitima Laila alirudi. Alifungua fundo la kanga, akaweka kitu mkekani. Kipini cha Bi Moza.

"Mama alikikuta ndani ya sufi ya godoro, walipolifumua kulipiga upya. Mwaka wa nne sasa. Alikichomeka mwenyewe siku ile, akasahau."

"Mwaka wa nne," Mize alisema.

"Kila Ijumaa alisema atakuja kukutaka radhi. Akishajitanda buibui, anavua. Aliona haya. Alipozidiwa akasema, 'Mize ataniosha, na mdomo wake ni kaburi.'"

"Na wewe ulijua?"

Laila alilifunga upya fundo tupu la kanga.

"Basi kaseme. Mbele ya walewale waliocheka."

"Bi Mize, tumfukue marehemu kwa maneno? Kaka zangu hawataki."

Akaondoka. Kipini akakiacha, kana kwamba dhahabu ndiyo iliyopotea.

Miezi miwili imeandama tangu hapo. Majani yaliyomo kifurushini ni yaleyale. Jina la Mize halijasafishwa, na wanaodaiwa ni Laila na kaka zake: neno moja, hadharani, na wapo hai wa kulisema. Naye Mize anadaiwa na Asya maji na sitara. Alikuwa navyo vyote viwili siku ile, tayari nyuma ya mlango, akavinyima. Laila akitaka, deni lake linalipika hata kesho. La Mize lingelipika asubuhi ile tu.