Mama wa Maharage na Sarafu ya Mtandaoni

Mbele yangu kwenye kibanda cha wakala wa pesa mjini Kasulu alisimama mama mkulima kutoka Kagerankanda, ameshika pesa alizopata kwa kuuza maharage. Alitaka kuzituma kwa bwana mmoja aliyemwahidi kumnunulia bitikoini, zile sarafu za mtandaoni, zizae mara mbili kabla ya mwezi kwisha.

Wakala aliziacha noti mezani bila kuzigusa.

"Mama, huyo bwana unamfahamu?"

"Namfahamu kwa simu."

"Mimi mwenyewe sarafu hizo ninazo. Uliponunua shamba, akina nani walishuhudia?"

"Majirani wote wa mipakani."

"Basi sarafu hizo nazo zilianza kwa wazo hilo la mashahidi wengi. Aliyezibuni hakutaka mtunza kumbukumbu awe mmoja. Kila malipo yanashuhudiwa na kompyuta nyingi duniani, hakuna anayeweza kuyafuta peke yake. Ila ukimtumia tapeli, hakuna wa kukurudishia."

Mama akafikiri, akampigia simu bwana yule na kuweka sauti kubwa. "Mwanangu, nataka kununua mwenyewe. Nifundishe."

"Mama, tuma kwanza, maswali baadaye!"

Akaikata. Akazikunja noti zake, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. "Anayekimbia swali langu leo, kesho atapokea simu yangu?"

Mimi naamini sarafu hizi zitafika mbali. Wajukuu wetu watalipana kwazo bila kushangaa. Mama yule, kwa sasa, alivuka barabara akaingia duka la pembejeo, akatoka na mfuko wa mbolea kichwani. Nayo huzidisha mavuno, na aliyeiuza ana mlango wa kugonga.