Kompyuta Iliyohesabu Kila Mguso

Nilipomaliza chuo, ofisi ya kilimo pale Kisangani ilinikabidhi kompyuta yake ya pekee. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo lugha ya programu niliyoitunga ilipaswa kufuta kila rekodi isiyotumika tena. Kila mkulima alikuwa rekodi yenye namba: sehemu ngapi za programu bado zinaishika. Namba ikifika sifuri, rekodi inafutwa.

Niliogopa kumfuta mtu anayehitajika. Nikahesabu kila mguso, hata ule wa kusoma jina tu.

Siku moja masua, meli ya mtoni, ya kwenda Yanonge ilikuwa iondoke saa sita mchana na mbegu za mpunga, na mkulima asiyekuwa kwenye orodha hapewi. Saa tatu mashine iliyokuwa ikitoa orodha hiyo, ikicheleweshwa na hesabu zangu, ilikuwa bado kwenye herufi B. Kwa mwendo ule ingemaliza jioni. Ningeacha kuhesabu kabisa, kumbukumbu ingejaa kabla ya M.

Mama aliyetunza mafaili ya ofisi, ambaye mama yake mzazi alikuwa akingoja mbegu hizo, aliniuliza mbona natoka jasho kama mtu aliyesahau wimbo mbele ya kamishna wa chama. Nikamweleza. Mafaili yake nayo yalikuwa na utaratibu kama huo: aliyechukua faili alisaini karatasi ya faili hilo, na akilirudisha, anakata jina lake. Faili lisilobaki na jina la mtu lilipelekwa stoo kila Ijumaa.

“Citoyen, mimi nikibeba dossier kwa papa chef, anaangalia page moja, naregesha. Ile nayo nasaini?” aliuliza, papa chef akiwa ndiye mkuu wetu wa ofisi.

“Hapana. Iko mu mukono yako tu.”

“Na stoo iko inakuya Ijumaa, hapana saa ile ile. Bon.”

Niliondoa hesabu ya rekodi zinazopita mkononi tu, na ufutaji nikausogeza hadi mwisho wa kila herufi. Takataka, yaani rekodi zilizokwisha kazi, zilikaa kidogo, lakini mashine ilikimbia. Saa tano na robo orodha ilitoka.

Sikuiamini. Nilitaka kuilinganisha na daftari la wakulima, jina kwa jina. Mama alishusha kidole, akalipata jina la mama yake, akashusha pumzi. Nilidhani ataondoka. Akavuta kiti, akaanza kunisomea kutoka A.

Papa chef alipopiga honi ya gari lake ili aipeleke orodha bandarini, tulikuwa kwenye S. Nilimpa orodha. Majina yaliyobaki bila kuhakikiwa niliiachia mashine.