Mtamba wa Jirani

Mume wangu alirudi likizo kutoka Itigi, alikokuwa anatengeneza njia ya reli, akiwa na viatu vipya na wazo jipya. Viatu sikuvijali. Wazo lilikuwa hili: ng'ombe wetu wote warudishwe nyumbani.

Kwetu Kintinku mwenye ng'ombe hakuwaweka wote kwenye zizi lake. Mmoja alikaa kwa shemeji, mwingine kwa rafiki, mwingine kwa jirani asiye na kitu. Anayemtunza anakunywa maziwa, na ng'ombe akizaa vizuri, ipo siku naye anapewa ndama awe wake kabisa. Jirani yangu, mama mjane aliyenizidi umri sana, alikuwa anatutunzia jike mmoja, na tulikuwa tumeshampa ndama mmoja wa jike huyo. Kila jioni alikuja na kibuyu cha maziwa. Hakutakiwa kuleta, alileta tu, akakaa kwenye jiwe la mlangoni, tukawasengenya watu mpaka giza likaingia.

"Wanakunywa maziwa yetu bure," mume wangu akasema. "Mimi navunjika mgongo relini, wao wananenepa. Nataka mali yangu niione."

"Si unajua ilipo?"

"Nataka kuiona!"

Akazunguka kuwachukua mmoja mmoja. Jirani hakubisha. Alimfungua yule jike, akampigapiga mgongoni, akamkabidhi mume wangu kamba. Jioni ile zizi letu lilijaa mpaka wanakanyagana, na siwezi kusema uongo, lilipendeza. Mume wangu alisimama mikono kiunoni, anacheka peke yake. Likizo ikaisha, akapanda treni, akaniacha na utajiri.

Loo, utajiri ule! Maziwa yalijaa vibuyu vyote mpaka yakachacha. Nilikuwa sijajaliwa mtoto, na mdomo mmoja utakunywa maziwa kiasi gani? Nilipompelekea jirani, alishukuru vizuri, akayamimina kwenye chungu chake, akanirudishia kibuyu kimeoshwa, basi. Kuja kwangu, hakuja. Wengine vilevile. Hawakuninunia, kisimani tulisalimiana kama kawaida. Ila hapakuwa tena na mtu mwenye sababu ya kupita kwangu. Jioni nilikaa kwenye lile jiwe nikiwagombeza ng'ombe kwa Kigogo, kisha nanyamaza, maana hata kugombana kunataka mtu wa kukujibu.

Pesa nazo zilifika, mume wangu hakuwa mchoyo. Nikanunua kanga mpya kwa mara ya kwanza bila kumwomba mtu. Nikajifunga, nikazunguka uani, nikaivua. Nani wa kuniambia imenipendeza? Kuku?

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Tukaacha matembe yetu yaliyotawanyika, tukajenga kwa mstari, nyumba kwa nyumba. Watu wengi walilalamika. Mimi nilifurahi kama mjinga, nikijua sasa nitapata watu. Nikapangiwa kiwanja ubavuni mwa jirani yuleyule. Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akicheka na wageni wake. Upweke wa karibu namna hiyo, Mungu akuepushe nao. Ule wa zamani angalau ulikuwa na pori la kusingizia.

Siku moja ikanishinda. Nikamfunga kamba yule jike, nikaenda naye kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unahama tena?"

"Nimekuletea ng'ombe umtunze kama zamani."

"Thubutu! Mumeo akirudi na viatu vingine je? Nimfungue tena watu wakinitazama?"

Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, kamba mkononi. "Mama, maziwa ninayo, pesa ninazo, mtu sina," nikamwambia. "Njoo hata kunitukana."

"Rudi kwako," akasema.

Nikarudi na jike wangu, nimejaa aibu. Niliapa sitamwomba tena mtu yeyote kitu chochote, nikaingia ndani, nikalala chini mchana mweupe.

Kabla jua halijazama nikasikia kwato nje. Alikuwa yeye, anamvuta mtamba mwekundu. Ndiye yule ndama tuliyempa zamani kwa kututunzia jike wetu. Hakuwa na mnyama mwingine.

"Huyu atakaa kwako," akasema. "Akizaa, maziwa utakunywa wewe. Lakini ole wako akonde. Nitakuwa napita kumwangalia."

Asubuhi akapita. Jioni akapita. Mtamba hakukonda hata kidogo, lakini kila akija alimkuta na kasoro, mara kwato, mara manyoya, na kasoro zenyewe hazielezeki kwa kusimama. Ikabidi akae. Lile jiwe nilikuwa nimelibeba kutoka kwenye tembe la zamani, watu wakadhani nimepata wazimu.

Likizo iliyofuata mume wangu alikwenda moja kwa moja zizini, akamwona mtamba mwekundu.

"Huyu wa nani?"

"Wa jirani."

"Kwa hiyo sisi ndio tunamlisha! Na yeye anatupa nini?"

"Anakuja," nikamwambia.