Moto wa Fundi Koki

Kwa miaka thelathini na nane Fundi Koki alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni tundu. Tundu la bomba, tundu la tangi, tundu la paa, hata tundu la soksi, akiliona halali. Wenzake walirithi mashamba, yeye alirithi kwa baba yake spana tatu na hasira dhidi ya kitu chochote kinachovuja. Mtaani walisema ukimwachia Fundi Koki chujio la chai utalikuta limezibwa, na ukimwuliza atakwambia, "Lilikuwa linavuja." Utani huo aliuchukua kama sifa, na kwa kweli ulikuwa sifa, maana kazi yake haikurudiwa. Akishafunga koki, imefungwa.

Ndiyo maana binti yake, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiishi naye tangu mama yake afariki miaka saba iliyopita, alishangaa kusikia kwamba baba yake amekwenda mara tano kutengeneza koki moja ya jikoni, kwenye nyumba moja ya mtaa wa pili.

"Baba," alimwuliza mezani, "ni koki gani hiyo isiyopona?"

"Ya zamani," Fundi Koki alijibu, akikoroga chai ambayo hajatia sukari.

"Na mwenye koki?"

"Naye... si kijana sana."

Binti alicheka mpaka kalamu nyekundu ikamponyoka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mzee huyu alikuwa anakohoa kwa nguvu zote. Alinyoa ndevu kila siku. Alipiga pasi ovaroli. Aliimba bafuni nyimbo ambazo maneno yake hayajui, akajaza mapengo kwa majina ya vifaa vya bomba. Alikuwa na miaka sitini na miwili, lakini ng'ombe hazeeki maini.

Mwenye koki alikuwa mwanamke aliyestaafu kikosi cha zimamoto na cheo chake, hivyo kila mtu alimwita Sajenti, hata watoto waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yake. Aliwahi kuolewa ujanani, mume akachoka kubaki peke yake kila king'ora kinapolia, akaondoka na redio. Tangu hapo Sajenti aliishi peke yake na hakulalamika. Ile siku ya koki kwa mara ya tano, alimmiminia Fundi chai, akamtazama usoni na kusema, "Koki hii ilipona ile siku ya kwanza, sivyo?" Fundi Koki akapaliwa na chai. Alipopata pumzi, kwa kukosa la kusema, akamkaribisha kwake Jumamosi saa kumi jioni, waote moto bustanini na kuongea.

"Moto?" alisema Sajenti. "Fundi, mimi moto siuoti. Nauzima."

Alisema kwa utani, ila utani ukamwishia njiani. Akaeleza, huku akifuta meza iliyokwisha kuwa safi, kwamba miaka thelathini kila moto aliouona ulikuwa unakula kitu cha mtu. Kukaa mbele ya moto akanyoosha miguu hajawahi, na hajui kama anaweza. "Lakini nitakuja," alimalizia. "Nitakuja nione."

Fundi Koki alirudi nyumbani akiwa ameshakata shauri. Sajenti akija akakaa, hata dakika tano, atamposa. Akishindwa kukaa, basi, atakunja mkia na hatamsumbua tena. Mpango ulikuwa mfupi.

Jumatano alikwenda kwa mchomeleaji kununua bakuli la moto, yaani lile karai pana la chuma nene, lenye miguu mitatu, ambalo watu huliweka bustanini na kuwasha kuni ndani yake kukiwa na baridi. Mchomeleaji alivua miwani yake myeusi, akampa somo.

"Mzee wangu, usiliweke karibu na ukuta wala chini ya mti. Liweke juu ya kokoto, si juu ya nyasi. Siku ya upepo usiwashe. Majivu usiyazoe mpaka yapoe kabisa, na usiyatie kwenye ndoo ya plastiki, utakuja kulia. Lifunike mvua ikija. Na hili tundu la chini ni la kutolea maji, kwa hiyo—"

"Nimeelewa, nimeelewa," alisema Fundi Koki. Wakati huo alikuwa anawaza kama Sajenti anapenda karanga za chumvi au zisizo na chumvi.

Tusimwonee, mengine aliyashika. Alipima hatua tano kutoka ukutani, akatandaza kokoto, akahamisha kamba ya nguo, akakata tawi la mpera lililojipendekeza upande huo. Akaweka ndoo ya mchanga. Halafu, kwa kuwa mgeni wake si mtu wa kudanganywa, akachimba na kutandika bomba jipya, akafunga koki pale pale bustanini na mpira wa maji mrefu kama wa kikosi. Binti alitazama dirishani akauliza kama wanategemea kuwasha moto au kuuza maji.

Alhamisi akawa analiosha bakuli, akalinyanyua juu, na mwanga wa jua ukampiga jichoni kupitia lile tundu la chini. Kabla akili haijafika, mkono ulikuwa umeshafika. Alilichonga tundu, akatafuta kizibo cha shaba, akakizungushia katani, akakipaka dawa, akakikaza kwa spana kubwa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akamwaga jagi zima la maji kupima. Halikutoka tone. "Watu hawa wanauzaje kitu kimetoboka?" alijiuliza, akalipiga bakuli kofi la upendo. Ijumaa mchana akapanga kuni ndani yake kwa unadhifu, kubwa chini, ndogo juu, ili kesho asihangaike.

Ijumaa usiku mvua ikanyesha.

Jumamosi, saa tisa na nusu, binti alishaaga zamani kwamba ana mkutano wa walimu, mkutano ambao walimu wengine hawakuwa na habari nao. Fundi Koki akatoka uani na shati jeupe, viatu vinang'aa, kiberiti mfukoni. Akasimama. Bakuli lilikuwa limejaa maji mpaka mdomoni. Kuni zake zinaelea. Juu ya ukuni mmoja amekaa chura, ametulia, kama mpangaji aliyelipa kodi.

Alijaribu kuliinamisha, halikutikisika. Akajilaza chali juu ya kokoto, shati jeupe na yote, akaingiza spana chini, akavuta. Kizibo kikagoma. Akavuta kwa mikono miwili, kikagoma zaidi. Maisha yake yote watu walikuwa wakimsifu kwamba akifunga kitu hakifunguki, na leo ndipo alipojua walikuwa wanasema nini. Mganga hajigangi. Alikuwa bado chini, akimtukana fundi aliyekaza kile kizibo, saa kumi ilipogonga. Watu wa zimamoto hawajui kuchelewa.

"Hodi humu ndani. Fundi? Unafanya nini huko chini?"

"Karibu, Sajenti, karibu sana," sauti ilitoka chini ya bakuli. "Nipo... naandaa."

Sajenti alisogea. Alimtazama chura, chura akamtazama yeye.

"Nimezima mioto mingi maishani," alisema polepole, "lakini huu ni wa kwanza kuukuta umezimwa kabla haujawashwa."

"Kulikuwa na tundu," Fundi Koki alijitetea.

"Ukaliziba."

"Lilikuwa linavuja."

Sajenti aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika. Alijitahidi, mtu wa nidhamu, lakini kicheko kilimshinda, akaliegemea bakuli, akacheka mpaka machozi. Fundi Koki alikuwa tayari kufa kwa aibu, ila kicheko kile kilikuwa kizuri mno, akaona afadhali aishi akisikilize.

"Haya, sogea nikusaidie," Sajenti alisema, akikunja mikono ya blauzi. "Una kipande cha bomba? Kichomeke kwenye mpini wa spana, uurefushe. Mimi nashika mguu."

"Nilikuwa nakaribia kuliwaza hilo."

"Najua."

Walivuta. Kizibo kilitoa mlio, kikalegea, halafu kikaruka chenyewe, na maji meusi ya mvua yakawavaa wote wawili, Fundi kifuani na Sajenti kuanzia magotini kwenda chini. Chura akaruka ukuta akahama mtaa. Wazee wawili wenye heshima zao wakabaki wameketi kwenye tope, wanatweta na kucheka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole. Jirani alichungulia, akaona si mambo yake, akarudi ndani.

Kuni kavu zilikuwepo stoo. Wakati Fundi anazileta, Sajenti alizunguka kukagua: ukuta, matawi, kamba, mchanga. Akafungua ile koki mpya, akaona nguvu ya maji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi Koki alijisikia amepandishwa cheo. Bahati mbaya mfuko wake wa nyuma ulikuwa umevimba kwa kitu alichokitoa huko stoo.

"Fundi, hiyo chupa ni ya nini?"

"Mafuta ya taa kidogo. Ya kusaidia."

"Yatakusaidia kukosa nyusi. Lete hapa." Aliipeleka mwenyewe mpaka jikoni, akarudi na gazeti la juzi na kiberiti kikavu. "Vijiti vyembamba kwanza. Usirundike. Moto unataka kupumua."

Ukawaka. Kwanza moshi, halafu ulimi mmoja mdogo, halafu kuni zikaanza kualika na kurusha cheche. Fundi Koki alileta viti viwili, karanga za chumvi na zisizo na chumvi. Akakaa. Sajenti hakukaa. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye bakuli, miguu ameipanua, mpira wa maji mkononi, macho hayabanduki kwenye moto.

"Kaa, Sajenti."

"Nipo sawa."

Dakika tano zikapita, kisha kumi. Nguo zake zilikuwa zinatoa mvuke. Kila cheche iliporuka, kidole chake kilienda kwenye mdomo wa mpira. Fundi Koki alikitazama kile kiti kitupu na roho ikamdidimia. Angeweza kusema maneno matamu, alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, lakini aliona wazi kwamba mwanamke huyu hakuwa anaringa. Alikuwa kazini. Alikuwa anawalinda wote wawili, na hakuna aliyewahi kumwambia zamu imekwisha.

Basi akainuka. Akabeba ndoo ya mchanga kwa mikono yote miwili, akaenda upande wa pili wa bakuli, akapanua miguu, akakaza macho kwenye moto.

"Unafanya nini?"

"Nalinda," alisema Fundi Koki. "Upande huu ulikuwa hauna mtu."

Sajenti alimtazama: tope mpaka masikioni, shati lililokuwa jeupe, mikono inatetemeka kwa uzito wa mchanga, uso umekazwa kama yupo gwaride. Midomo ikamcheza. "Weka chini, utateguka mgongo," alisema. Halafu akainama, akaulaza mpira juu ya kokoto pale ambapo mkono ungeufikia, akavuta kiti, akakaa. Akanyoosha miguu.

Furaha ilimpanda Fundi Koki kwa kasi mpaka akaogopa. Ile hotuba ya kwenye kioo ikamtoka kichwani yote. Alikaa, akavua soksi iliyolowa, akaikamua, na huku maji yakichuruzika akasikia mdomo wake unasema, "Sajenti, ungekubali kuolewa na mimi?"

Kuni zikaalika. Sajenti akachukua karanga, za chumvi.

"Nitakujibu moto huu ukizimika," alisema.

Fundi Koki akarukia mpira wa maji.

"Wee!" Sajenti alimdaka mkono. "Maji ya baridi kwenye chuma cha moto? Chuma kitapasuka, na mvuke utakubabua uso. Moto huu haujamkosea mtu. Uache uishe wenyewe."

Akakaa. Fundi Koki hajawahi kukaa kwa uchungu namna ile. Aliusimamia ukuni mmoja mmoja kwa macho, akiuhimiza moyoni, ungua, ndugu yangu, ungua upesi. Jua likashuka nyuma ya paa. Sajenti alisimulia habari za mbwa ambaye yeye aliwahi kumwokoa kwenye dari ya shule, na Fundi alicheka mahali pasipo na kichekesho. Ndimi zikafupika. Ukabaki ukuni mmoja, ukavunjika katikati, likabaki kaa jekundu. Fundi Koki akasogeza kiti mbele.

Hapo Sajenti akainuka, akaenda kwenye rundo, akachagua ukuni mnene kuliko yote, akauweka juu ya kaa, taratibu. Moto ukashika upya.

Fundi Koki alielewa. Mtu asiyetaka kukuumiza ndivyo anavyofanya, huchelewesha. Alitazama vidole vyake vya miguu. "Sajenti," alisema kwa sauti ndogo, "kama ni hapana, niambie tu. Mimi mtu mzima."

"Nani kasema hapana?" Sajenti aligeuka, na macho yake yalikuwa yamejaa maji ambayo moshi haukuhusika nayo. "Ni ndiyo, Fundi. Ni ndiyo tangu ulipobeba ule mchanga. Ila huu ni moto wa kwanza maishani mwangu ambao sikuitwa kuuzima. Usinikimbize."

 Fundi Koki akainuka, peku, soksi mkononi, akaenda stoo kuleta kuni zote zilizobaki.